Nchi ya kisiwa na nchi ya bara: kipimo ni kipi hasa?

Mwl_Uyole: Wakuu, naandaa somo la Jiografia kwa kidato cha pili hapa Mbeya. Maelezo ya "kuzungukwa na maji" hayawatoshi wanafunzi. Wanauliza mbona Australia haihesabiwi, mbona Haiti inahesabiwa wakati inapakana na Jamhuri ya Dominika kwa nchi kavu, na Zanzibar iko wapi. Nahitaji kipimo kinachoshika.

MpimaRamani: Mwalimu, acha maji, angalia bara. Nchi ya kisiwa ni dola ambayo ardhi yake kuu haimo kwenye bara lolote. Australia ni bara lenyewe, inatoka. Haiti inabaki, kwa kuwa inagawana kisiwa kimoja na jirani yake. Guinea ya Ikweta ina kisiwa cha Bioko, lakini eneo lake kubwa liko bara, kwa hiyo ni kama sisi Tanzania. Zanzibar ni visiwa, ila tangu 26 Aprili 1964 ni sehemu ya dola ya Muungano. Afrika zinabaki 6: Madagaska, Komoro, Morisi, Shelisheli, Kepuvede, Sao Tome na Principe.

Lori_Tunduma: Ongeza na usafirishaji. Zambia haina hata mita moja ya pwani, lakini ina majirani 8. Njia ya Tunduma ikikwama, mzigo unaweza kuzungushwa kwa jirani mwingine, ingawa kwa gharama. Kisiwani meli isipofika, hakuna pa kuzungukia.

Kisima_Kirefu: Maji yasisahaulike, ndiyo yanayoumiza watu. Kwenye kisiwa kidogo cha mchanga au matumbawe, maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi. Kwa kanuni, kila mita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 chini yake. Ukivuta kwa pampu kubwa hadi kina kishuke nusu mita, chumvi inaweza kupanda mita 20. Kisima kikishaingia chumvi huchukua muda mrefu kupona. Ndiyo maana huko huchimba visima vifupi vingi, wakavuta kidogo kidogo.

Mwl_Uyole: Asanteni sana. Na suala la bahari nilichoreje?

MpimaRamani: Tumia bikari. Ukanda wa kiuchumi baharini, yaani eneo ambalo nchi ina haki ya samaki na rasilimali nyingine za bahari, ni maili 200 za baharini kutoka pwani, sawa na kilomita 370. Kwenye ramani ya 1:5,000,000 fungua bikari sentimita 7.4. Kisiwa kidogo kilicho peke yake kinapata duara la kilomita za mraba 431,000 hivi, karibu nusu ya Tanzania! Mwamba usioweza kukaliwa na watu haupati ukanda huo, unabaki na maili 12 tu: kilomita za mraba 1,550. Wanafunzi hukosea sehemu mbili: wanajumlisha maduara yanayopishana, na wanasahau kwamba jirani akiwa ndani ya maili 400 lazima mpaka ukubaliwe, mara nyingi katikati. Anza na Shelisheli: ardhi kilomita za mraba 455, bahari zaidi ya milioni 1.3.