Shahada ya masoko chuo kidogo, diploma au mtaji wa viazi: deni lipi linabebeka?

Dada wa Uyole
Wakuu, naombeni mawazo ya dhati. Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita, kapata nafasi ya shahada ya masoko kwenye chuo binafsi kidogo hapa Mbeya. Ada ni 1,400,000 kwa mwaka, miaka mitatu. Bodi ya Mikopo imempa nusu ya ada na sehemu ya pesa ya kujikimu. Kwa hesabu yangu akimaliza atadaiwa kama milioni 6. Zinabaki 700,000 kila mwaka za kujitafutia. Baba alishafariki. Mama anauza viazi Mwanjelwa na ameshaongea na wakopeshaji wa marejesho ya kila Jumatatu.

Njia ya pili ni diploma ya masoko, miaka miwili, bila Bodi. Ya tatu, mjomba atampa mtaji wa milioni mbili akubali kuingia kwenye viazi.

Karani wa Soweto
Dada, kazi yangu ni kuandaa mishahara, kwa hiyo nianzie hapo. Tuseme kijana kaajiriwa kwa 400,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua 40,000. Kodi inahesabiwa kwenye kile kinachozidi 270,000, kwa asilimia 8, hivyo 7,200. Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 60,000. Mkononi zinabaki 292,800, kabla ya chumba na nauli. Milioni 6 kwa makato hayo ni miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne.

Ni mirefu, ndiyo. Ila tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani, iliyokuwa inalivimbisha deni mwaka hadi mwaka, ilifutwa 2021. Na ukishahitimu unapewa miezi 24 kabla ya kutakiwa kuanza kulipa.

Mhehe wa Mafinga
Kamwene. Mimi ndiye huyo mdogo wako, miaka saba mbele. Shahada ya masoko, chuo kidogo, Iringa. Kazi ya kwanza: kusambaza mafuta ya kupikia kwa pikipiki, Igawa hadi Tunduma, 300,000 na kamisheni ukifikisha tageti. Wenzangu wawili wa diploma walilipwa sawasawa na mimi, na walianza mwaka mmoja mapema. Hilo liliniuma sana.

Kilichoniokoa ni daftari. Kila duka niliandika mwenye duka anaitwa nani, analipa siku gani, dumu ngapi zimebaki kwenye shelfu. Mwaka wa tatu walipotafuta msimamizi wa kanda, daftari ndilo nililowawekea mbele. Lakini tangazo lilidai shahada, na wale wawili hawakuruhusiwa hata kuomba. Kwa hiyo siwezi kukuambia diploma inatosha. Akiichukua, ahakikishe GPA yake, yaani wastani wa alama, haishuki chini ya 3.0, asije akafungiwa mlango wa shahada baadaye.

Mama Parachichi, Tukuyu
Mwanangu, mnajadili makato ya Bodi na mimi namwazia mama yenu. Laki saba kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, miezi minne, ni 980,000. Gawanya kwa Jumatatu 16: 61,250 kila wiki. Viazi vikishuka bei wiki mbili tu, atakula mtaji. Mimi nilikopa hivyo nimlipie binti ada. Walikuja wakabeba mizani yangu ya kupimia parachichi, ikawekwa juu ya bodaboda majirani wakiangalia, na bila mizani sikuweza kununua hata kilo moja msimu ule. Bodi hukata pale mtoto anapopata mshahara. Hawa hata ukiwa na msiba wanagonga mlango.

Mama asikope. Nakusihi.

Mhehe wa Mafinga
Naungana na Mama. Na mbona jibu lipo kwenye swali lenyewe? Milioni mbili za mjomba zinakaribia kabisa laki saba mara tatu.

Dada wa Uyole
Nimempigia mjomba jioni hii. Anasema pesa ya viazi inarudi, ya chuo haionekani. Amekubali kukopesha laki saba za mwaka wa kwanza bila riba, na likizo zote kijana apakie naye magunia Uporoto. Mama nimemkataza ule mkopo wa Jumatatu. Amelia kidogo, kisha akashukuru.

Karani wa Soweto
Vizuri. Sasa hiyo nusu ya ada inanitatiza. Mmesema baba alifariki. Kwenye maombi mliweka cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo? Bila hicho Bodi haimhesabu kama yatima. Fuatilieni dirisha la rufaa likifunguliwa.

Dada wa Uyole
Hatukuweka. Cheti kimo kwenye sanduku la mama, kimekunjwa mara nne. Kesho asubuhi tunakipeleka steshenari ya Kabwe kikapigwe skani, tukitume RITA. Namba ya kumbukumbu nikiipata nitarudi hapa, Karani, unielekeze pa kuijaza.