Naomba ushauri: kiwanja kilikuwa gereji, nani anapima udongo?

Habari zenu ndugu zangu. Familia yetu inataka kununua kiwanja hapa Busia, upande wa Uganda, tujenge nyumba na chumba cha kulelea watoto wadogo wa mtaa. Tatizo, kwa miaka mingi palikuwa gereji, na walikuwa wakipasua betri kuukuu za magari. Udongo wa nyuma ni mweusi, unanata, ukichimba kidogo tu harufu ya dizeli inakupanda puani. Kisima cha majirani kiko chini ya mteremko.

Mafuta yananitia wasiwasi, lakini risasi ya betri, ile metali ya lead, ndiyo inayoninyima usingizi. Haiozi, inakaa kwenye udongo wa juu, hapo hapo watoto wanapochezea, na inadhuru ubongo wao. Dalali anasema nimwage kifusi, nipige sakafu, basi. Sikubali.

Najua NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, husajili wataalamu wa mazingira. Mliowahi kufanya kazi hii, mlimwendea nani, na sampuli zilipelekwa maabara gani? Gharama je? Wachimbe kina gani, na maji ya kisima yapimwe pamoja?

Halafu kampuni moja niliyoongea nayo inataka ipime na isafishe yenyewe. Mimi naona anayepima asiwe yule yule atakayelipwa kusafisha. Mnaonaje? Na udongo ukishachimbwa, unapelekwa wapi kihalali? Sitaki sumu hiyo ikamwagwe shambani kwa mtu.

Muuzaji anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Natanguliza shukrani.