Lane Hutson wa Montreal: beki wa sentimita 175 anatambaje kati ya majitu?

Mwana wa Uvira (Montreal)

Ndugu zangu wapenzi wa hoki ya barafu, salaam kwenu. Wengi wetu tulifika Quebec tukiwa watu wa soka, tukakuta mji mzima unazungumza habari za Canadiens, timu ya hoki ya Montreal, kuanzia kwenye basi la asubuhi, nasi tukajifunza kuupenda mchezo huu polepole. Kwangu mimi mapenzi hayo yamekuwa makali tangu msimu wa 2024–25, alipoanza kucheza kwa msimu mzima beki mmoja mfupi mwenye jezi namba 48, Lane Hutson. Ligi inamwandika kuwa na kimo cha sentimita 175 na uzito wa kilo 73 hivi, katika NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, ambamo mchezaji wa kawaida anakaribia sentimita 185 na kilo 90. Pamoja na hayo alicheza mechi zote 82, akafunga mabao 6 na kutoa pasi za mabao 60, akiifikia rekodi ya pasi kwa beki wa msimu wa kwanza ambayo Larry Murphy aliiweka akiwa Los Angeles mwaka 1980–81. Juni 2025 akatunukiwa tuzo ya Calder ya mchezaji chipukizi bora wa ligi, ambayo hakuna mchezaji wa Montreal aliyekuwa ameipata tangu kipa Ken Dryden mwaka 1972.

Kwamba ana kipaji, kila mwenye macho ameliona, na sitaki tulijadili hilo. Ninachotaka kukielewa ni namna anavyofanya. Katika soka najua mchezaji mfupi anapoponea: anageuka upesi, na refa anamlinda. Hoki inamruhusu mtu wa kilo 100 kukukumba kwa bega mpaka ubaoni, yaani kwenye ukuta unaouzunguka uwanja, na beki hana pa kujificha, kwa kuwa kazi yake inaanzia kwenye pembe zilezile ambako watu hukumbwa. Je, anawezaje kutamba humo? Na je, mwili kama ule utadumu?

Mwalimu wa Barafuni (Toronto)

Ndugu Mwana wa Uvira, nimefundisha watoto kuteleza kwa miaka mingi hapa Toronto, na wazazi wanaoniuliza kuhusu Hutson huwaomba waiache mikono yake kwanza, waitazame miguu. Mchezaji wa barafuni husimama juu ya bamba jembamba la chuma lenye kingo mbili, na kila anapotaka kubadili upande hana budi kuuhamisha uzito wake wote kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine. Mtu wa kilo 100 aliyekwisha kuegemea kushoto hawezi kurudi kulia papo hapo. Nyasi za uwanja wa soka zingeushika mguu wake na kumsaidia kusimama, lakini barafu haimshiki, naye huendelea kuteleza kuelekea alikodanganywa. Ndiyo maana chenga moja ya barafuni humgharimu mtu kuliko chenga tatu za uwanjani, na mchezo wote wa Hutson umejengwa juu ya ukweli huo.

Mtazame anapopokea kisahani (kile kidude bapa kinachochezewa badala ya mpira) kwenye mstari wa buluu unaotenga eneo la wapinzani. Hugeuza kichwa na bega kuelekea ubaoni, hufungua nyonga mpaka visigino vyake vinatazamana, na mshambuliaji anayemkabili hulifuata bega. Mara tu mguu wa mshambuliaji huyo unapoikata barafu kwenda upande ule, Hutson yuko upande wa pili, na kisahani kinakwenda kwa mwenzake ambaye hakuwa amemtupia jicho hata kidogo. Nimewahi kumwona akimrudia mtu yuleyule kwa hila ileile katika shambulizi moja, na yule mtu akanasa tena, kwa sababu hakuna anayethubutu kutoliamini bega: siku moja Hutson atakwenda kweli upande aliouonyesha.

Kuhusu kukumbwa, kumbuka kwamba sheria inaruhusu kumkumba mwenye kisahani, au aliyetoka kukiachia sasa hivi, basi. Kwa hiyo anayekumbwa ovyo ni yule anayeshika kisahani huku hajui nani anakuja. Hutson anapokiendea kisahani kwenye pembe ya nyuma ya goli lake, hutazama juu ya bega mara mbili au tatu kabla ya kukifikia, akajua mkumbaji anatokea upande gani, kisha akazungukia upande wa pili. Mara nyingi mkumbaji hukutana na ubao mtupu. Watoto wangu wote wanataka kujifunza zile chenga za mstari wa buluu, nami nawaambia waanze na kutazama nyuma, jambo ambalo halionyeshwi kwenye video fupi za mitandaoni.

Ukabaji wake nao una akili. Hajaribu kumsukuma mshambuliaji mkubwa aliyejikita mbele ya goli, maana hataweza. Husubiri pasi ikaribie kufika, kisha huliinua gongo (fimbo ya kuchezea) la mshambuliaji huyo wakati huohuo. Wakati mwingine huchelewa na bao likaingia, na hilo hatuna sababu ya kulificha.

Binti Pangani (Edmonton)

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu ufundi, na ninafurahi kila ninapomwona kijana huyo akiwa na kisahani, ingawa mimi si shabiki wa Montreal. Hata hivyo naomba tusiliruke swali la pili la kaka yetu. Hoki ya Novemba na hoki ya mtoano wa mwezi Aprili ni michezo miwili. Katika mtoano timu hukutana na mpinzani yuleyule mechi baada ya mechi hadi mmoja ashinde nne, na makocha huwaagiza wachezaji wao wamkumbe beki mbunifu kila fursa inapopatikana, hata kama amekwisha kutoa pasi, ili ifikapo mechi ya tano au ya sita miguu yake iwe mizito.

Mwaka 2025 Montreal ilitolewa na Washington kwa mechi 5. Hutson alitoa pasi 5 za mabao katika mechi hizo, na kwa chipukizi hayo ni mafanikio ya kupongezwa. Lakini ikumbukeni mechi ya nne, Tom Wilson wa Washington alipomkumba Alexandre Carrier, beki wa Montreal, kwa nguvu ambayo kila aliyekuwa uwanjani aliihisi, na muda mfupi baadaye Washington ikasawazisha na hatimaye kushinda. Carrier ana sentimita 180. Hofu yangu haihusu pigo moja kubwa, kwa sababu Mwalimu ameeleza vizuri jinsi Hutson anavyolikwepa. Ninahofia mapigo madogo madogo mia mbili ya beki anayecheza zaidi ya dakika 22 kila mechi. Oktoba 2025 klabu ilimpa mkataba mpya wa miaka 8, wenye wastani wa dola milioni 8.85 kwa mwaka, utakaoanza msimu wa 2026–27. Amezaliwa mwaka 2004, kwa hiyo wanaamini mwili wake utahimili mpaka afikishe miaka 30. Natamani sana wawe sahihi.

Mzee wa Kumbukumbu (Minneapolis)

Dada yangu Binti Pangani, hofu yako ina msingi, lakini mimi ninaishi katika mji ambao tayari umelijibu swali lako. Nahodha wa Minnesota Wild, Jared Spurgeon, ni beki wa sentimita 175 kama Hutson. Timu iliyomteua mwaka 2008, katika uteuzi wa kila mwaka ambapo timu hugawana vijana wapya, haikumpa mkataba, akaja hapa kufanyiwa majaribio mwaka 2010, na ameendelea kucheza mwaka hadi mwaka mbele ya washambuliaji haohao unaowaogopa. Ni kweli kwamba ameumia mara kadhaa, na misimu mingine imekatika kwa sababu hiyo. Kabla yake alikuwepo Brian Rafalski, beki mfupi ambaye hakuna timu iliyomteua, naye alistaafu akiwa ametwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, mara tatu.

Jambo jingine ni sheria. Kabla ya wamiliki wa timu kuwafungia wachezaji nje na msimu wa 2004–05 kufutwa, beki mkubwa aliweza kumkumbatia mchezaji mwepesi, kumnasa kwa gongo na kumning'inia bila kuadhibiwa. Mchezo uliporudi mwaka 2005 waamuzi waliagizwa kuyaadhibu hayo yote, na pasi ndefu inayovuka mistari miwili ikaruhusiwa. Kasi na akili zikapata thamani ambayo zamani zilinyimwa, na sidhani kama Hutson angefika alipo katika ligi ya mwaka 1998.

Na tusisahau anafundishwa na nani. Martin St. Louis, kocha wa Montreal tangu Februari 2022, alikuwa na sentimita 173. Hakuteuliwa na timu yoyote, Calgary ilimwacha mwaka 2000, na mwaka 2004 akiwa Tampa Bay akaongoza ligi kwa pointi (mabao na pasi za mabao zikijumlishwa), akachaguliwa mchezaji bora na kutwaa Kombe la Stanley. Kocha mwingine angemwambia kijana huyu aachane kabisa na chenga karibu na goli lake mwenyewe. St. Louis alimwacha akosee, akamrudisha uwanjani, na mimi naamini robo ya zile pasi 60 zimetokana na uvumilivu huo.

Nikumbushe pia kwamba Hutson aliteuliwa wa 62 mwaka 2022, katika ukumbi uleule wa Montreal anamochezea sasa. Alikuwa amezipelekea timu barua ya daktari kueleza kwamba mifupa yake ilikuwa bado na nafasi ya kukua. Fikirini mtoto wa miaka 18 analazimika kubeba karatasi ya kuuombea mwili wake radhi! Hata Montreal ilichagua watu watatu kabla ya kumfikia. Baada ya hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Boston, na misimu miwili ya huko akiwa beki mwenye mabao 15 kila msimu ingetosha kuwaonyesha wote walichokipita.

Kiatu cha Chuma (Nairobi)

Salaam kutoka Nairobi. Sisi tuliojifunzia kwenye barafu ya hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, tunamfuatilia Hutson kwa sababu ya pekee. Uwanja wa NHL una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Wetu ni mdogo sana kuliko huo, na mchezaji wa Ice Lions, timu yetu ya hoki ya Kenya, hana nafasi ya kumwacha mtu kwa mbio. Usipojua kugeuka ndani ya hatua mbili utapoteza kisahani kila mara. Kwa hiyo ninapomwona beki bora chipukizi wa dunia akipata mkate wake kwa kugeuka katika nafasi finyu, ninaona mchezo ambao vijana wetu wanaweza kuuiga hata pasipo barafu kubwa. Swali langu kwa Mwalimu: mazoezi ya kingo za chuma huanza na nini?

Mwalimu wa Barafuni (Toronto)

Ndugu Kiatu cha Chuma, anza na mguu mmoja. Mwache kijana ateleze kwa duara akiwa juu ya ukingo wa ndani, kisha wa nje, bila gongo, mpaka aweze kuinua uso na kukutazama machoni wakati wote wa duara. Gongo lije baadaye, na kisahani mwisho kabisa. Uwanja mdogo unatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Mwana wa Uvira (Montreal)

Nawashukuru nyote. Jana usiku nilirudia mechi ya tatu dhidi ya Washington, ile tuliyoshinda 6–3 hapa nyumbani, nikiitazama miguu peke yake kama Mwalimu alivyoelekeza. Sasa ninaelewa kwa nini watu 21,000 husimama kabla hajafanya chochote: wamekwisha kumwona mpinzani akiegemea upande usio sahihi. Dada Binti Pangani, mtoano ujao nitahesabu mara anazokumbwa baada ya kutoa pasi, nami nitaileta hesabu hiyo hapa.