Mnaosusa mechi katikati, mnatuibia muda wetu!

Wakuu, nimekasirika na sitapunguza makali.

Jana usiku tulikuwa kwenye Age of Empires II, ile gemu ya kompyuta ya kujenga ufalme na kupigana, wanne kwa wanne. Dakika ya 14 mwenzetu wa pembeni akavamiwa na wapanda farasi, wakamuulia wafanyakazi watano waliokuwa wakikata miti. Basi, kasusa! Kaandika "timu takataka", kabonyeza kitufe cha kusalimu amri, katoweka. Hakuomba msaada wala hakutuonyesha chochote kwenye ramani. Soko langu lilikuwa limeshasimama, ningemtumia chakula na mbao papo hapo, maana gemu yenyewe inaruhusu kumpa mwenzako mali.

Hebu tupige hesabu. Mfanyakazi mmoja ni chakula 50 na sekunde 25. Watano ni chakula 250 na dakika mbili na ushee. Kikomo cha watu kwa kila mchezaji ni 200! Kwa hasara ya dakika mbili, mtu katuacha watatu tukipigana na wanne karibu saa nzima, hadi ngome ya mwisho ikaanguka. Usiku wangu umeliwa hivyo.

Na msiniambie ni uchungu wa pointi za kupima kiwango cha mchezaji, kwa sababu anayetoka naye anazipoteza. Ni kiburi tu. Hataki kuonekana akicheza akiwa nyuma, wakati utamu wote wa gemu za mkakati uko hapo: umebanwa, mali hazitoshi, unatafuta njia.

Kusalimu amri mkicheza mmoja kwa mmoja sina shida nako. Wacheza chesi hufanya hivyo, ni heshima kwa mwenzako. Kwenye timu unawasalimisha watu ambao hujawauliza.

Kundi la pili linaniudhi kuliko hata hao. Wanaofungwa makusudi ili pointi zishuke, halafu wanakwenda kuwapiga wanaoanza. Arpad Elo, profesa wa fizikia, alitengeneza hesabu za pointi hizo kwa ajili ya chesi, zipime uwezo wa mchezaji, na leo zinatusaidia kukutana na wa kiwango chetu. Tofauti ya pointi 200 tu, mwenye nazo anatarajiwa kushinda karibu mara tatu kati ya nne. Sasa wewe unajishusha 500 au 600, unashindana na nani hapo?

Mdogo wangu alikutana na mmoja wa aina hiyo kwenye mechi yake ya tatu. Jamaa angeweza kummaliza mapema. Hakummaliza. Alimzungushia ukuta, akakaa anamtumia ile sauti ya kicheko, ile inayotoka ukiandika 11 kwenye meseji za gemu, tena na tena. Dogo hajafungua gemu tangu siku hiyo, na alikuwa anaipenda kweli. Alikuwa anachora kwenye daftari mahali atakapoweka mashamba yake!

Halafu kuna hii ya gg, yaani "good game", mechi nzuri. Tangu enzi za StarCraft, gemu nyingine ya mkakati, desturi ni kwamba anayeshindwa ndiye anayeiandika kwanza, anakubali yameisha na kushukuru kwa mechi. Siku hizi anayeongoza anakuandikia wakati ngome yako bado imesimama. Hilo ni tusi.

Wewe uliyetoka jana dakika ya 14, kama unapita humu, njoo ujibu: kwa nini hukuomba chakula? Nilikuwa nacho 800.