Anayeanza gofu afundishwe mikao ya mwili, au aanze na mpira?

Mleta mada

Wadau, nilianza gofu nikiwa mtu mzima, na miezi minne ya kwanza iliishia kwenye mikao. Mkono wa kushoto usikunjwe, kichwa kisitikisike, bega lije chini ya kidevu, uzito uhamie kulia kisha urudi kushoto. Kila nikiinua fimbo nilikuwa na amri sita kichwani, na mpira ulikata kulia vilevile.

Fimbo ikishaanza kushuka, huufikia mpira kwa takriban robo sekunde. Uso wake, yaani ubapa wa kichwa cha fimbo unaopiga mpira, hugusana na mpira kwa muda mfupi mno, kama nusu ya milisekunde. Nani atakagua kiwiko chake hapo?

Naona anayeanza aelezwe kwanza mambo mawili: uso wa fimbo umeelekea wapi inapogusa mpira, na fimbo inapita njia gani. Mpira huanza safari kwa sehemu kubwa kule uso ulikoelekea, kisha hupinda kutokana na tofauti ya uso na njia. Mimi sikujua. Nikiuona unakata kulia, nilijielekeza kushoto zaidi ili kufidia, fimbo ikazidi kupita kutoka nje kuja ndani, yaani kutoka mbali na mwili kuja upande wa mwili, na mpira ukazidi kukata. Nilikuwa nauchochea ugonjwa nikidhani natibu! Nilipoelewa, nilibadilisha mshiko tu: mkono wa kushoto niliuzungusha kidogo kulia juu ya mpini, uso ukaacha kufunguka, yaani kuelekea kulia. Kiwiko sikukigusa.

Mtazameni Jim Furyk, mchezaji gofu wa kulipwa wa Marekani. Fimbo yake hupanda wima, hufanya kitanzi kule juu, ndipo ishuke. Mwalimu wa mikao angemrudisha mwanzo. Ndiye aliyeshinda US Open, moja ya mashindano makubwa ya gofu, mwaka 2003, na mwaka 2016 akamaliza raundi kwa mipigo 58 tu kwenye PGA Tour, mfululizo wa mashindano ya kulipwa ya Marekani; na kwenye gofu mipigo michache ndiyo bora.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakupinga kwa heshima; nafundisha wanaoanza. Kwanza, Furyk hakuachwa apige ovyo, alifundishwa na baba yake. Kitanzi chake hakituhusu, tutazame fimbo yake inapofika kwenye mpira: hapo yuko sawa na mabingwa wengine. Pili, mshiko uliokuponya ni mkao, tena ndio wa kwanza kabisa.

Asiyefundishwa hujifunza kufidia. Uso uko wazi, basi anaupindua kwa viganja dakika ya mwisho. Akiwahi, mpira unanyooka. Akichelewa, hauonekani tena. Halafu kuna mgongo, ambao hukuutaja. Nyonga zikikataa kuzunguka, kiuno ndicho kinachobeba mzigo wote, na nimeona watu wakiacha mchezo kwa sababu hiyo.

Mchangiaji wa pili

Mwaka 1999 Gabriele Wulf, mtafiti wa namna watu wanavyojifunza miendo ya mwili, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanaoanza kujifunza mipigo mifupi. Walioambiwa wafikirie mwendo wa fimbo walilenga vizuri zaidi kuliko walioambiwa wafikirie mwendo wa mikono yao. Mpigo ni uleule, mawazo tu ndiyo yaliyohamishwa. Kwa hiyo mwalimu anaweza kuujua mkao wote, lakini maneno anayompa mwanafunzi yahusu fimbo.

Mleta mada

Mwalimu, kuhusu mgongo nakubali, sikuufikiria. Na mshiko ni mkao kweli, hapo umenishika.

Ila bado nasimama upande wangu. Mshiko unapangwa mpira ukiwa umetulia, nikiwa na muda wa kuutazama. Vivyo hivyo miguu na mahali pa kuweka mpira. Hayo yafundishwe siku ya kwanza, tena kwa ukali. Ninayoyakataa ni yale ya katikati ya mwendo, mtu anapoambiwa arekebishe kifundo cha mkono wakati fimbo iko hewani. Nyonga nazo, mwambie atazame lengo mpaka kifua chote kielekee huko baada ya kupiga. Zitazunguka zenyewe, bila kuzitaja.

Nikuulize, mwalimu: mwanafunzi mpya unampa maagizo mangapi kwa somo moja? Mimi ningempa moja, nimwache apige mipira hamsini ndipo nifungue mdomo tena.