Mjadala: Kunadi na kuripoti, yafundishwe darasa moja au yatenganishwe?

Nawasalimu wote. Hoja ninayoiwasilisha ilianzia katika kikao cha walimu wa chuo ninachofundisha uandishi wa habari, na kwa kuwa tulitawanyika bila kuafikiana, naona ni haki isikilizwe na watu wengi zaidi, hasa walioko katika vyumba vya habari na katika ofisi za uhusiano wa umma. Baadhi ya wenzangu wanataka uandishi wa kunadi, yaani taarifa za taasisi kwa vyombo vya habari, makala za kulipiwa na hotuba za viongozi, uondolewe kabisa katika mwaka wa kwanza wa stashahada, kwa sababu mwanafunzi anayezoea kusifu kabla hajajifunza kuuliza huharibika mkono. Wengine wanajibu kwamba nafasi katika magazeti na redio ni chache, kwamba wahitimu wengi huajiriwa na halmashauri, benki na mashirika, na kwamba kumnyima kijana somo hilo ni kumnyima riziki. Mimi nasema yafundishwe yote, katika darasa moja na wiki moja, juu ya tukio lile lile, ili mwanafunzi apaone kwa macho yake mahali yanapoachana njia. Naamini kwamba wengi wetu tulio walimu tumekuwa tukiwaonyesha mahali pasipo penyewe.

Zoezi ninalolitumia ni la kubuni, ila limekaa kama mambo tunayoyasoma kila wiki. Nawagawia wanafunzi karatasi yenye maelezo ya uzinduzi wa kisima kirefu katika kijiji kimoja: gharama ni Sh180 milioni, kuna vituo sita vya kuchotea maji, wakazi ni 4,200, mradi ulipaswa kukamilika miezi 14 kabla, ndoo ya lita 20 itauzwa Sh50, na siku ya uzinduzi vituo viwili havikutoa maji. Nusu ya darasa wanaandika kama maofisa habari wa halmashauri, nusu kama waandishi wa gazeti, na kesho yake wanabadilishana nafasi. Pembeni nawakalisha wanafunzi watatu, mmoja mhandisi, mmoja mwenyekiti wa kijiji na mmoja mkazi; kila mmoja wao nimemdokezea jambo ambalo halimo kwenye karatasi, na nimemwagiza alitoe akiulizwa tu. Mhandisi, kwa mfano, anajua kwamba mabomba ya vituo vile viwili yalinunuliwa yakiwa na kipenyo kidogo kuliko kilichopangwa.

Aya ya kwanza ya maofisa habari haibadiliki sana mwaka hadi mwaka: "Wakazi 4,200 wameondokana na adha ya maji baada ya halmashauri kuzindua mradi wa Sh180 milioni." Muhula uliopita mwanafunzi aliyekuwa ameandika sentensi ya namna hiyo alisimama na karatasi yake mkononi akaniuliza: "Mwalimu, sijadanganya hata mstari mmoja, tarakimu zote ni zako mwenyewe, kwa nini hii si habari?" Lilikuwa swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani, na sikutaka kulijibu kwa kanuni ya kitabuni. Nilimwomba aisome sentensi yake polepole na asimame kwenye kitenzi. Ni nani amethibitisha kwamba wakazi wameondokana na adha? Aliyekuwa ameshika ndoo mbele ya bomba kavu hakuulizwa. Kisha nikawapa wote kalamu nyekundu, wapigie mstari kila sentensi iliyotoka kwa mtu anayenufaika mradi ukisifiwa, na ukurasa wake ukawa mwekundu kuanzia juu hadi chini. Mwenzake aliyekuwa upande wa gazeti alikuwa na mistari minne tu, kwa sababu aliinuka kwenye kiti akawafuata wale watatu, akarudi na habari ya kipenyo cha mabomba. Maofisa habari hawakuinuka. Sikuwa nimewakataza, hawakuona sababu ya kuinuka, na hapo ndipo penye tofauti ninayoitafuta.

Sisi walimu tumezoea kufundisha tofauti hii kama jambo la mtindo. Tunamwambia mwanafunzi afute "kabambe", "wa kisasa" na "wa aina yake", aanze na jambo zito, ajibu nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi, na tukishamaliza tunamhesabu amevuka kutoka kwenye tangazo kwenda kwenye habari. Ofisa uhusiano hodari anayajua hayo yote, pengine kuliko sisi. Chukua mfano wa zamani: tarehe 28 Oktoba 1906 treni ilitumbukia majini kutoka kwenye daraja huko Atlantic City, Marekani, na zaidi ya watu 50 wakafa. Ivy Lee, ambaye alikuwa mwandishi wa magazeti kabla ya kuanza kuzifanyia kazi kampuni kubwa, aliishawishi kampuni ya reli ya Pennsylvania isifiche kitu, akaandika maelezo ya ajali na kuwasafirisha waandishi hadi eneo la tukio. Siku mbili baadaye gazeti la New York Times liliyachapisha maelezo yake neno kwa neno, na maelezo hayo ndiyo yanayotajwa mara nyingi kuwa taarifa ya kwanza ya taasisi kwa vyombo vya habari. Mwaka huo huo alitangaza kanuni za kazi yake, akiwaambia wahariri kwamba wakiona maandishi yake yanastahili kupelekwa kwenye idara ya matangazo, basi wasiyatumie. Mwaka 1914 mkono huo huo uliandika majarida ya kuitetea familia tajiri ya Rockefeller, iliyokuwa na hisa kubwa katika kampuni ya machimbo, baada ya mauaji ya Ludlow, Colorado, ambako watoto 11 na wanawake wawili walikufa katika shimo walimojificha chini ya hema wakati kambi ya wachimba makaa waliogoma ilipochomwa moto. Na katika majarida yale malipo ya viongozi wa chama cha wafanyakazi yalikuzwa mara nyingi kuliko yalivyokuwa. Ufundi wa kuandika ulikuwa uleule katika matukio yote mawili, lakini wahariri na wasomaji wa mwaka 1906 hawakuwa na njia ya kujua, kwa kuitazama sentensi peke yake, kama mwandishi wake angewaambia ukweli safari nyingine.

Hata gazeti lenye jina linaweza kupotea hapa pasipo kuandika uongo. Mwaka 1999 Los Angeles Times lilitoa toleo maalumu la jarida lake kuhusu ukumbi mpya wa michezo wa Staples Center, na baadaye ikajulikana kwamba gazeti na wamiliki wa ukumbi walikuwa wamekubaliana kugawana mapato ya matangazo ya toleo hilo, bila waandishi kuambiwa. Mamia ya wafanyakazi wa chumba cha habari walisaini barua ya malalamiko. Malalamiko yao hayakuhusu makosa katika makala walizoandika. Yalihusu deni ambalo mtu mwingine alikuwa ameliingia kwa jina lao.

Kwetu deni hilo lina sura ndogo zaidi. Mwandishi wa kujitegemea mkoani hulipwa kwa habari iliyotoka, na asipotoa habari hapati kitu. Anapoalikwa kwenye warsha anapewa karatasi iliyokwisha kuandikwa vizuri pamoja na bahasha inayoitwa nauli. Simhukumu, kwa sababu nimekaa katika nafasi hiyo na najua nauli ya kurudi nyumbani inavyotafutwa. Lakini anapoinakili ile karatasi na kuiwekea jina lake juu, msomaji anaamini kwamba mtu fulani alikwenda akauliza kwa niaba yake, na hakuna aliyekwenda. Ndiyo sababu sikubaliani na wenzangu wanaotaka kuliondoa somo: mwanafunzi ambaye hajawahi kuandika taarifa ya taasisi kwa mkono wake hataitambua atakapokabidhiwa. Aliyewahi kuiandika anajua ni swali gani lilirukwa, kwa kuwa aliwahi kuliruka yeye mwenyewe.

Nawapa haki wapinzani wangu katika jambo moja. Mpangilio una maana, na sasa sianzi tena zoezi bila kuhakikisha kwamba kila mmoja, kabla hajafika kwenye zamu ya uofisa habari, amekwisha kufanya angalau kazi mbili za kwenda mtaani kuuliza. Vilevile sitaki tumfundishe kijana kumdharau ofisa habari. Kipindupindu kinapoingia, taarifa ya hospitali ya wilaya yenye maelekezo ya wazi kuhusu kuchemsha maji na mahali pa kumpeleka mgonjwa ni maandishi yenye faida kubwa, na mhariri anayeichapisha kama ilivyo, akiandika waziwazi kwamba imetoka hospitali, ametimiza wajibu wake kwa msomaji.

Kuna jambo moja bado linanikwamisha, na ndilo hasa ninaloomba mlichangie. Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016 ilileta utaratibu wa ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi hiyo, kwa wanahabari, kana kwamba mwanahabari ni mtu mmoja mwenye kazi moja. Lakini katika redio nyingi ndogo za mikoani kijana yuleyule anasoma habari, anaendesha salamu na kuzunguka madukani kutafuta matangazo. Mwanafunzi wangu aliyekuwa kwenye mafunzo kwa vitendo alipokea asubuhi malipo ya tangazo kutoka kwa muuza pembejeo, na jioni ya siku ileile wakulima watatu wakafika kituoni na pakiti za mbegu zilizokataa kuota, wakisema wamezinunua katika duka hilo hilo. Meneja alimwambia aisubirishe habari hiyo hadi mkataba wa tangazo uishe. Alinipigia simu usiku kuniuliza afanye nini, nami nilimwambia awarekodi wakulima wote watatu, amtafute muuzaji ajibu, aandike habari kamili, aipeleke kwa meneja na ahifadhi nakala. Alifanya hivyo, na habari haikurushwa. Wakulima wale walikuwa na wiki mbili za mvua zilizobakia. Je, mngekuwa ninyi, mngemwelekeza nini kingine, na darasani tungemwandaaje kabla hajafika pale?