Gumzo la ukoo: wazee waliorudi ujanani

Makokha (Nakuru): Shikamoo Babu, na hamjambo nyote. Nimefika salama, ingawa ukungu wa Londiani ulitukokotesha. Namshukuru Baba Mdogo kwa kutundika lile shuka jeupe ukutani, tukaitazama sinema ya Cocoon pamoja badala ya kugombania kioo cha simu yangu. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu jana, nami naliandika kwa sentensi kamili kwa kuwa najua Babu hajibu ujumbe uliokatwakatwa. Babu, mbona ulitoka nje kabla ya sinema kwisha, ukasema unakwenda kumwangalia ndama, ilhali ndama alikuwa amefungwa mbele ya macho yetu?

Shangazi Auma (Kisumu): Makokha, mambo mengine huulizwa ana kwa ana. Mimi hata sikuiona mwanzo. Nilifika nikakuta wazee wanajirusha majini kama vijana wa ufukwe wa Dunga, wala sikuelewa maji yale yalipata wapi nguvu.

Makokha (Nakuru): Samahani, Shangazi. Wazee wale waliishi katika makao ya wazee huko Florida, Marekani, na walikuwa na mazoea ya kupenya kwenye nyumba ya jirani isiyokaliwa na mtu ili waogelee. Nyumba ile ikakodiwa na wageni kutoka sayari nyingine, ambao walikuja kuwachukua wenzao 20 walioachwa chini ya bahari miaka ipatayo 10,000 iliyopita, wakiwa wamelala ndani ya vifuko vikubwa kama majabali. Vifuko vilipohifadhiwa katika bwawa lile, maji yalitiwa uhai wa kuwatunza waliolala, na wazee walipoyaogelea bila kujua, macho yalirudi kuona, saratani ya mmoja wao ikatoweka, na wengine wakaanza kucheza dansi hadi usiku wa manane.

Baba Mdogo (Kakamega): Aliyenichekesha mimi ni yule mwenye masharubu, Wilford Brimley. Nimesoma kwamba alizaliwa mwaka 1934, na sinema ilitoka mwaka 1985, kwa hiyo alikuwa na umri wa miaka 50 tu, mdogo kuliko mimi leo, na bado walimfanya kikongwe! Don Ameche, aliyecheza ile dansi ya vijana, ndiye aliyekuwa mzee wa kweli, mzaliwa wa 1908, naye akapata tuzo ya Oscar. Mwongozaji, Ron Howard, alikuwa kijana wa miaka 31. Labda ndiyo sababu wazee wake wana haraka kiasi kile ya kuruka na kutongoza.

Baba Otieno (Kisumu): Kwa heshima ya baba mkwe, naomba niseme machache. Wengi mliwashangilia wazee, lakini maji yale hayakuwa yao. Siri ilipovuja na makao mazima yakamiminika bwawani, nguvu iliyowekewa waliolala ilinyonywa ikaisha, na mmoja wao akafa ndani ya kifuko chake. Kule kwetu, karibu na Kendu Bay, kuna ziwa la Simbi Nyaima, ambalo husimuliwa kwamba lilikuwa kijiji hadi bibi kizee mmoja alipofukuzwa kwenye sherehe ya pombe, akaita mvua, kijiji kikazama. Hadithi yetu inawaonya vijana wasiwadharau wazee. Sinema hii imegeuza mambo, wazee ndio walioyatumia maji bila kuuliza mwenyewe ni nani.

Makokha (Nakuru): Lakini walisamehewa, tena wakaalikwa kupanda chombo waende kusiko na uzee wala kifo.

Baba Otieno (Kisumu): Na hapo ndipo sinema iliponikera zaidi. Waliondoka usiku kwa mashua, binti wa yule mwenye masharubu akabaki kulia katika ibada ya watu waliodhaniwa kuzama, huku mwanawe mdogo, ambaye ndiye aliyejirusha baharini ili waliokuwa wakiwafuata wasimame kumwokoa, anajua ukweli na ananyamaza. Kwetu Waluo, mtu akizama ziwani asipatikane, huzikwa tunda la mti uitwao yago mahali pake, ili nyumba ijue imemzika. Sasa yule binti azike nini, na baba yake yu hai angani?

Babu (Khwisero): Makokha, ndama hakuwa na neno. Nilitoka kwa sababu ya yule Bernie, aliyekataa kuogelea. Nyinyi mlimwona mkaidi anayewaharibia wenzake starehe, na mmoja wenu alimzomea, sauti yake naijua. Mimi nilimwona mtu aliyekataa, akamkatalia na mkewe, kisha mke alipokata pumzi akambeba mikononi hadi bwawani, akaambiwa kwamba maji yamekwisha nguvu.

Nyanya yenu alishikwa na kifua wakati wa masika. Auma akatuma gari limpeleke Kisumu. Nikasema tungoje barabara ikauke, nikaongeza kwamba watu wa umri wetu hawana haja ya kuhangaishwa na madaktari. Yeye hakubishana. Aliomba uji, akanywa nusu kikombe, kikombe akakifunika kwa kisahani kama alivyozoea, eti atamalizia baadaye. Sijawahi kulisema hili mbele yenu, na jana shuka la Baba Mdogo likanisemea.

Shangazi Auma (Kisumu): Baba, nimekwambia mara nyingi kwamba gari lile lisingefika. Mto Yala ulikuwa umefunika daraja, dereva akageuzia Luanda.

Babu (Khwisero): Umeniambia, mwanangu, nami nakushukuru. Lakini habari za daraja ulizijua wewe. Mimi nilipokataa, sikuzijua.

Baba Mdogo (Kakamega): Aliyezomea ni mimi. Nisamehe, Baba.

Babu (Khwisero): Nimekwisha kukusamehe. Tena msidhani kwamba nasimama na Bernie katika kila jambo. Maji yale yakiletwa Khwisero, magoti haya yatakuwa ya kwanza kuingia, mradi mwenye maji aulizwe kwanza, kama alivyosema mkwe wangu. Shida itakuwa benki, nitakapokwenda kuchukua zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, nikiwa na uso wa kijana na kitambulisho cha mzaliwa wa mwaka 1941.

Chombo sitapanda. Kila asubuhi kuku hupenda kuparura udongo wa kaburi la nyanya yenu, pale kati ya nyumba na migomba, kwa kuwa ni mkavu na unawafaa kuogea vumbi, nami huwafukuza kwa bakora kabla sijanywa chai. Nikienda sayari nyingine, kazi hiyo nitamwachia nani? Baba Mdogo huamka saa tatu.

Baba Mdogo (Kakamega): Saa mbili na nusu, Baba.

Ayuma, kwa simu ya Mama (Kisumu): Shikamoo Babu. Mimi ni Ayuma. Mama amesema niandike vizuri. Je, wewe unajua kuogelea, au ungezama kwenye bwawa lile?

Babu (Khwisero): Marahaba, mjukuu wangu, umeandika vizuri sana. Najua kuogelea. Nilijifunzia Yala nikiwa mdogo kuliko wewe, nikinyang'anywa nguo na kaka zangu ili nisiweze kurudi nyumbani kabla yao. Njoo likizo ya Desemba, mto ukiwa umepungua, nami nitaketi ukingoni nikushikie viatu.